Karatasi Niliyoandika kwa Mkono wa Kushoto

Kisangani, siku ya posho, Jumamosi, mchana

Yaya Godé, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Mtu mmoja aliyetoka Kindu aliniambia umeanza tena kubeba mabidoni ya maji mwenyewe. Tafadhali yaya, waache watoto wabebe. Mimi niko muzima. Nakula lituma ya ndizi na samaki karibu kila siku, mwili hauna shida. Shida iko kwingine, na barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Bon, furaha kwanza. Timu yetu ya basketi imechukua kombe la vyuo vya hapa. Sisi tuliokuwa wa mwisho mwaka jana! Msimu mzima tumepoteza mechi moja tu. Walitutembeza kutoka Simi-Simi mpaka sokoni, pikipiki zinapiga honi, wamama wanatupungia vitenge. Mimi nilikuwa juu ya gari pamoja na wengine, lakini sikuwa naimba. Nilikuwa naangalia macho ya wenzangu, mmoja mmoja, nione kama kuna anayejua nilichofanya.

Nikueleze tangu mwanzo.

Unajua kwamba miaka miwili ni mimi nilikuwa pivo, yule anayesimama chini ya kikapu. Msimu ulipoanza, kocha wetu Papa Bosco akaleta mtu anaitwa Jérémie, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, mrefu mpaka anainama mlangoni. Kocha akasema anasoma kilimo, hapa hapa kwenye chuo chetu. Siku hiyo hiyo mimi nikawekwa kwenye benchi.

Tukaanza kushinda. Wenzangu walifurahi, lakini mimi niliona kuna kitu. Niliuliza wanafunzi wa kilimo: mnamjua Jérémie, mrefu hivi? Hakuna aliyemjua. Alikuja mazoezini amechelewa, mikono imepasuka kama ya mfanyakazi wa bandarini, na tukimaliza anaondoka bila hata kuoga. Mara mbili nilimwona Papa Bosco akimpa makaratasi yaliyokunjwa, naye akayaficha haraka ndani ya shati. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Ni ya masomo." Masomo gani, na darasani haonekani? Vyuo vingine huchezesha watu wasio wanafunzi, kila mtu anajua. Nikasema moyoni: ndiyo sababu tunashinda.

Asubuhi moja nikachukua moto, pikipiki ya kukodi, nikamfuata mpaka Bangboka. Nilimkuta kwenye uwanja wa ndege amevaa gile ya njano, kizibao cha wafanyakazi, anashusha masanduku ya mizigo. Yaya, nilifurahi. Sikuficha hata kwangu mwenyewe, nilifurahi kabisa. Nikarudi nyumbani, nikaandikia ligi karatasi kwamba timu yetu inachezesha mchukuzi wa Bangboka. Niliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko wangu usijulikane, sikutia jina, nikaisukuma chini ya mlango wao saa ya chakula.

Siku ya nusu fainali, kabla tu ya mechi, watu wa ligi wakamwita Jérémie. Wakachukua makaratasi yake yote ya chuo, wakamwambia akae nje mpaka wayachunguze. Kocha akaniangalia akasema, "Ingia." Nikacheza, yaya, kama sijawahi kucheza. Tukashinda, watu wakaita jina langu.

Siku mbili baadaye ligi ikajibu, ikamwonyesha Papa Bosco ile karatasi isiyo na jina. Jérémie ni mwanafunzi wa kweli. Anasoma masomo ya jioni, ndiyo maana wale wa mchana hawamjui. Asubuhi anafanya kazi Bangboka ili alipie shule, na ndege ikichelewa anakosa masomo. Yale makaratasi yaliyokunjwa ni masomo aliyokosa, binti wa Papa Bosco alikuwa anamnakilia, maana wako darasa moja.

Sasa wote wakaanza kutafuta aliyetuuza. Wakamdhania Mabele, rafiki yangu yule wa kwenye maporomoko, niliyekuandikia kwamba mama yake ananilisha. Sababu ni kwamba binamu yake anachezea wale tuliowashinda nusu fainali. Kapteni akauliza kama kuna mtu aliyemwona akiongea nao. Nami nikasema, "Ndiyo, nilimuona." Ni kweli nilimwona, alikuwa anamsalimia ndugu yake. Hilo la mwisho sikulisema. Wakamnyang'anya jezi.

Fainali Jérémie akarudi, nikarudi benchini, kombe likaja bila Mabele. Baada ya mechi Papa Bosco akanishika mkono, hakuuachia. Akasema, "Mukono yako ya kushoto, pumuzisha ile." Kweli nilikuwa nimegongwa kwenye mkono huo mazoezini. Lakini alivyoniangalia! Mpaka leo sijui alitaka kusema nini, na sina nguvu ya kumuuliza. Tangu siku hiyo kila aliyecheka nilifikiri ananicheka, na wawili wakiongea pembeni nilijua wananisema mimi.

Nikashindwa kuvumilia. Nikaenda Bangboka, nikamwambia Jérémie yote. Akatua sanduku, akajifuta uso.

"Juu ya nini unaniambia mimi?" akasema. "Makaratasi yangu iko sawa. Enda kwa Mabele."

Nikaenda. Mama yake alikuwa anageuza samaki juu ya moto. Nikasema mbele ya wote wawili. Mama hakuniangalia. Alisema tu, "Na ulikuwa nakula hapa kwangu."

Mabele akauliza, "Utasema vile mbele ya bote?"

"Nitasema."

"Donc, basi sema. Mimi nitakuya kusikia."

Nilisema, yaya, uwanjani, wote wamesimama, na Mabele yuko pale anasikiliza. Kapteni alitema mate chini. Papa Bosco akamrudishia Mabele jezi yake, akaniambia nivue yangu. Nikavua. Kwa kweli usiku huo nililala, kitu ambacho nilikuwa nimesahau.

Sasa sikia sababu ya kukuandikia haraka. Mabingwa wa mikoa wanakutana Kindu, na timu yetu inakuja huko kwa ndege wiki ijayo. Mimi simo. Sikutaka usimame uwanjani unanitafuta. Lakini enda, nakuomba. Mpikie Mabele sombe ya majani ya muhogo, anavaa namba nane, na Jérémie utamtambua mwenyewe kwa urefu. Na kama unafikiri kuna kitu nimekipunguza kwenye barua hii, waulize wao. Waamini wao kwanza, mimi baadaye.

Msalimie shemeji, na umwambie mapema, kabla hajatangazia wateja wake wote kwenye karakana kwamba nakuja. Msalimie tonton, mjomba wetu wa kule relini, na mama mkubwa anayeuza mawese. Watoto wabusu. Ukiwa na hasira, niandikie na hasira hiyo hiyo, lakini niandikie.

Ni mimi, mdogo wako,
Éloi