Kitanda cha Yesenia

Halvor,

Supu ya kuku iko kwenye jokofu. Ipashe moto, usiile baridi kama ulivyozoea. Mtoe mbwa kabla theluji haijaanza. Mchana huu usirudi kwenye matofali yako, na upake losheni mikononi kila saa, maana kesho saa mbili asubuhi tunachukuliwa alama za vidole upya.

Asubuhi, tulipofungua barua kwamba faili letu la kumwasili Yesenia limesimama, nilikuambia ni mikono yako, eti saruji imeisugua hadi mashine haiisomi. Ukaitazama, ukatoka bila kahawa.

~~Ungenijibu basi hata neno moja, bwana we!~~

Hapana, hilo nimelikata. Nimeisoma tena barua. Alama zako zilisomeka vizuri. Zimeisha muda tu, na zangu pia. Mimi ndiye ninayezipigia simu, pale ofisini, familia zote zinazosubiri watoto wa kuasili, kuzikumbusha muda usizipite. Jina letu sikuliweka kwenye orodha. Niliona haya kuwa mteja kwenye meza yangu mwenyewe.

Sasa mtoto atatimiza miaka mitano kule Bogotá bila sisi.

Ulipotoka nilijilaza kwenye kitanda ulichomtengenezea, miguu ikining'inia nje. Nikajigeuza huku na huku kwa makusudi. Hakilii hata kidogo, Halvor.

Losheni iko juu ya mto wake.

Mkeo, na mama yake Yesenia, mkinikubali nyote wawili