Chama Kimechagua Mgombea, Vijana Wameona Rais

Jumatatu, Manika. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na hadi sasa, saa nne za asubuhi, haijapumua. Nimekaa barazani, simu iko juu ya goti, na moyo wangu hautulii.

Kwa kawaida huandika hapa mambo yaliyokwisha. Haya bado hayajaisha. Vijana wanangoja mvua ikatike, nami naomba isikatike.

Nianze na Jumamosi. Chama chetu, kwa mara ya kwanza tangu nikijue, kiliwaachia wanachama wamchague wenyewe mgombea wa urais. Hapa Manika tulikutana kwenye uwanja wa mpira. Hapakuwa na karatasi. Kila mgombea aliweka mwakilishi wake, na kila mwanachama akaenda kusimama nyuma ya mwakilishi wa mtu anayemtaka. Mimi niliombwa kusimamia, kwa kuwa wengi wao walipita darasani kwangu na wanajua kwamba siwezi kuita kifupi kirefu.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni daktari wa uchumi, mtu msomi na, nadhani, mtu mwaminifu. Alizungumza redioni juu ya kodi za madini na kupitia upya mikataba. Nilimwelewa vizuri. Sikumwona mtu mwingine aliyesimama kumsikiliza hadi mwisho.

Wa pili ni yule wanayemwita Tata Nyundo, yaani Baba Nyundo. Aliwahi kununua madini kwa wachimbaji, kisha akatajirika, na sasa hupanda jukwaani na nyundo ya kuchimbia begani. Wiki iliyopita alikuja mwenyewe. Aliwauliza vijana jinsi mtu anavyoweza kuzaliwa juu ya shaba na kufa akila bukari, ugali wetu, bila mboga. Akaunyooshea mkono mlima ulio nyuma ya uzio wa waya, ule ambao wachimbaji wadogo wamekatazwa kuukanyaga, akasema, "Ile mulima ni ya benu. Mukinichagua mi, ile waya itaanguka."

Nami nilipiga makofi.

Ni lazima niliandike hilo. Nilijua kuwa mtu huyo hana uwezo wa kung'oa hata nguzo moja ya uzio ule. Lakini nilipomsikia akisema juu ya bukari bila mboga, nilimkumbuka mke wangu akigawa kipande kimoja cha samaki, na mikono ikaenda yenyewe.

Basi Jumamosi mstari wa daktari ulimalizika kabla ya katikati ya uwanja. Mstari wa Tata Nyundo uliuzunguka uwanja, ukatoka nje, ukaziba njia, hata madereva wa taxi-moto wakaziacha pikipiki zao wakajiunga. Jana redio ikatangaza kwamba ndivyo ilivyokuwa karibu kila mahali: mgombea wa chama ni yeye. Vuvuzela na honi zililia mtaani hadi nikashindwa kusikia adhana.

Pale uwanjani, kabla hatujatawanyika, nilisimama juu ya benchi nikawaeleza kwamba chama kimechagua mgombea tu, kwamba nchi nzima bado haijapiga kura, na kwamba yapo majina mengine kutoka vyama vingine. Nilisema kwa utaratibu, kama nilivyozoea. Walioko mbele walitikisa vichwa kwa heshima. Walioko nyuma walikuwa wakicheza ngoma.

Kumbe hata waliotikisa vichwa hawakukubali. Hapa kwetu mtu aliyesimamishwa na chama kikubwa huanza kusalimiwa na askari kabla hajashika lolote. Vijana wameliona hilo tangu utotoni, na hawajaliota. Jana mchana walinzi wa uzio, waliokuwa wakiwafukuza kwa mbwa, waliwafungulia sehemu ya waya na kuwaambia wapite, wasije wakamkasirisha mkubwa mpya. Nani atamsikiliza mwalimu mstaafu kuliko mlinzi anayefungua waya?

Asubuhi ya leo mwanangu Shabani aliingia hapa barazani akiwa amelowa, pamoja na mwenzake wa kuchimba, Ngoy, kijana kutoka Kabalo. Shabani ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili. Alivua viatu, akachuchumaa mbele yangu, nikajua.

"Tata, minakuya kukuomba baraka," alisema. "Mvula ikiisha, ni mi njo nitashuka wa kwanza."

Wasomaji wa mbali huenda hawajui desturi hii. Kundi la wachimbaji likianza shimo jipya, yule anayeteuliwa kushuka wa kwanza hashuki bila mkono wa mzazi wake. Kwa wengine ni unga au udongo mweupe kifuani. Sisi Waislamu tuliotoka Maniema tunasoma dua, tunampa maji ya kunywa, tunasema nenda urudi. Wachimbaji hawabagui namna. Wanachotaka ni neno la mzazi, na bila mtu mwenye neno hilo shimo halifunguliwi, hata kama madini yanang'aa juu ya nyasi.

Nilimuuliza ni mlima upi, ingawa nilijua. Akasema ni ule wa nyuma ya waya, kwamba sasa ni wao, kwamba wamechagua. Nikamwambia tena habari ya mgombea na rais. Nikamwambia pia kwamba mlima ule ulichimbwa zamani ukaachwa, umejaa mashimo chini kama mfupa wa kuku, na udongo wake ukilowa hauna rafiki. Nilipandisha sauti. Kisha nikakataa. Nilisema mkono wangu hautabariki shimo ambalo limefunguliwa na maneno ya jukwaani.

Ngoy, ambaye hupenda mzaha, alicheka akasema, "Tata Mwalimu, we unasahihishaka hata mvula."

Shabani hakucheka. "Tata, miaka yote mulituambia tungoje," akasema polepole. "Tulingoja. Huyu mutu wa kwanza kutuambia tuingie, munamukatala."

Nikarudia kwamba sibariki.

Nilidhani jambo limeisha. Bila baraka hakuna wa kwanza, na bila wa kwanza hakuna shimo. Hata nilianza kujipongeza moyoni. Ndipo Ngoy aliponyoosha mikono yote miwili, kwa adabu, akaniomba simu yangu ampigie baba yake Kabalo, kwa sababu yake haikuwa na uniti za kupigia.

Nikampa. Mtu akiomba simu ili amsalimu baba yake, unamnyimaje?

Aliweka sauti ya nje. Mzee alifurahi sana kumsikia. Ngoy akamwambia amepata kazi mpya, kubwa, kwamba yeye ndiye atakayeifungua, na kwamba anaomba neno lake. Mzee akauliza, "Kule kwenu mvula iko namna gani?"

"Kidogo tu, tata."

Wakati huohuo mvua ilikuwa ikipiga mabati yetu kwa kishindo, na Ngoy ameifunika simu kwa kiganja. Mzee akambariki. Aliomba kwa muda, akataja majina ya waliotangulia, akamalizia, "Shuka muzuri, mwana wangu. Rudia ku mama yako." Ngoy alinirudishia simu kwa mikono miwili na kunishukuru.

Wakaondoka. Shabani alikuwa wa mwisho kutoka. Hakuniaga.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi niliyoifanya leo asubuhi kwa msimamo wangu. Shimo lina mtu wa kulifungua. Kijana wa mwenzangu atashuka wa kwanza, na wangu nyuma yake. Baba wa wa kwanza ametoa neno bila kujua ni mlima gani, ni udongo gani, wala ni ahadi ya nani. Mimi niliyekuwa nikijua yote nilikaa kitini nikasikiliza, kisha nikaipokea simu yangu.

Mke wangu amenichungulia mara kadhaa kutoka jikoni. Mara ya mwisho aliniuliza kwa nini sivai koti niende kule kwenye uzio. Nimemwambia watanicheka. Nitasimama pale na mwavuli na kueleza tena hatua za uchaguzi kwa watu walioshinda uchaguzi wao. Tata Nyundo anaweza kuwaambia washuke. Kuwaambia wapande hakuna awezaye, ila mmoja.

Namba ya mzee wa Kabalo imebaki katika simu yangu. Nimeitazama tangu walipoondoka. Ninachotaka kumwomba ni kitu kizito: ampigie mwanawe, arudishe neno lake. Kwetu, na kwao pia, baraka iliyorudishwa iko jirani sana na laana, na mzazi huogopa hata kuliwaza jambo hilo. Atanichukia. Ngoy atanichukia. Shabani amekwisha kuanza.

Na kama mlima utasimama bila kuporomoka? Kama watapanda jioni na mifuko imejaa, nami nimemfanya mzee wa watu amvunje moyo mwanawe bure?

Basi na iwe bure.

Mabati yameanza kunyamaza. Nimefikiri jinsi ya kujitambulisha kwa mtu ambaye hajawahi kuniona. Sitasema mimi ni mwalimu, wala kwamba nilisimamia kura za chama. Nitasema: Ndugu yangu, mimi ni baba wa yule atakayeshuka wa pili.