404 Inachemuka, Siku Zinaisha

Jumatano, 1/7/1987

Gari yangu, 404, imechemuka tena! Kutoka soko mpaka daraja la Lukuga tu, mushale wa joto ukapanda kwenye nyekundu, moshi mweupe ukatoka mbele. Watu wakacheka. "Fundi Maliki, unapika chai?" Nikawajibu ndiyo, leteni sukari. Ndani nilikuwa nimekasirika kabisa.

Siku zinakimbia. Barua ya Hidaya iko hapa, chini ya mukono wangu. Muke wangu alijifungua kwao Kongolo tarehe 5 ya mwezi wa sita. Mutoto mwanamuke. Siku ya saba babu yake akamupa jina, Ramla. Siku ya arobaini njo tarehe 14 ya mwezi huu. Na mukwe wangu, Muzee Mosi, amesema: siku hiyo baba wa mutoto afike mwenyewe, awatoe muke na mutoto ndani ya nyumba mbele ya watu. Jua likizama hajafika, Hidaya atabaki kwao. Basi.

Siwezi kumulaumu. Mutoto wetu wa kwanza walimuzika kule kule Kongolo, mimi nikiwa Manono chini ya gari ya muntu. Habari ilinifikia baada ya siku tisa. Hidaya hakunitukana. Afazali angenitukana.

Ramla. Nasema jina peke yangu ndani ya nyumba. Nina hamu nao, siwezi kudanganya kaye yangu mwenyewe, hii ninayoandika ndani.

Ijumaa, 3/7

Nimetoa radiateri, ile inayopoesha maji ya motere. Tundu chini, dogo sana. Nikaliunga na risasi, nikapuliza ndani ya maji — hakuna hata povu moja. Nikaenda musikitini nikiwa na furaha.

Baada ya sala nikajaribu gari. Ikachemuka mbele ya posta.

Jumamosi, 4/7

Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Asubuhi yote kukata majani mbele ya biro ya zone, na gari yangu inalala wazi nyumbani. Dereva mumoja wa njia ya Moba, tulikuwa tunakata pamoja, akaniambia: Sitwayeni, ndugu mwananchi, unajisumbua na nini? Tia unga wa muhogo ndani ya radiateri, kikombe kimoja. Unga unaziba matundu yote. Wote wanafanya hivyo.

Kweli wote wanafanya. Mimi fundi, najua ni mambo ya kufika nyumbani tu, haiko kazi. Lakini nilikuwa na haraka. Nikatia vikombe viwili.

Jumapili, 5/7

Bugali! Wallahi, bugali! Nimefungua radiateri, imejaa bugali, umeiva kabisa, imebaki kutafuta samaki tu. Siku nzima nimechokora na waya na maji ya moto.

Papa Grégoire akapita akitoka misa. (Serikali ilikataza majina ya ubatizo, lakini nani atamuita kwa jina lingine?) Kwa kabila ni Mutabwa, wa Moba, alitengeneza mashini za treni miaka makumi tatu, mimi alinifundisha kushika klé ya kufungulia buloni. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza swali moja tu: "Chini ya gari, udongo uko na maji?"

Nikaangalia. Mukavu.

"Basi maji yanaenda wapi? Yana mabawa?"

Haya ikanishika. Swali hilo ningemuuliza mimi muntu mwingine siku ya kwanza! Tukafungua buji zote ine, zile zinazowasha moto ndani ya motere. Tatu nyeusi. Moja safi, kama imeoshwa. Tukafungua mafuta ya motere: rangi ya chai ya maziwa. Maji yanaingia ndani ya motere. Joint ya culasse imeungua, ile inayokaa kati ya kichwa cha motere na tumbo lake. Radiateri haikuwa na kosa kubwa. Nimepoteza siku tano kwa kutibu mukono, ugonjwa uko tumboni.

Jumatano, 8/7

Joint hakuna Kalemie. Nimezunguka maduka yote, nimeenda mpaka bandarini. Mashua inayotoka Kigoma labda italeta — wiki mbili. Wiki mbili! Nikacheka mimi mwenyewe.

Jioni Papa Grégoire akaja na kipande cha shaba chini ya kwapa. Bamba la zamani, alilitoa kwa mashini iliyokufa. Akasema tutakata joint ya shaba, itafanya kazi. Lakini akalishika bado, hakunipa.

Akasema: Kesho treni inaenda Kabalo. Kutoka pale utapata ya Kongolo. Panda, mutoto wangu. Gari itakungojea.

Nikamwambia hapana. Siku ya ndoa ndugu zake Hidaya waliniita fundi wa gari za watu. Nikawaapia mbele ya wote: siku nitakuja kuchukua mutoto wangu, nitakuja na gari yangu mwenyewe. Wanangojea kuona.

"Maliki. Ulioa gari ao ulioa muntu?"

Nikamujibu vibaya. Muzee kama baba yangu, na nikamujibu vibaya. Akaweka shaba juu ya meza, akaenda.

Alhamisi, 9/7

Treni imeondoka. Niliisikia nikiwa chini ya gari.

Jumamosi, 11/7

Sikuenda salongo, wanitafute.

Papa Grégoire alirudi jana, kama hakuna kilichopita kati yetu. Nikamuomba musamaha, akasema leta makala, tuwashe moto. Tukachora joint juu ya shaba, tukakata na tindo, matundu moja moja, polepole. Tukaichoma mpaka ikawa nyekundu, tukaitupa ndani ya maji, ikawa laini, mukono unaikunja. Kichwa cha motere nikakisugua juu ya kioo mpaka kikawa sawa. Leo tumefunga, yeye anahesabu, mimi nakaza.

Imewaka. Mushale ukapanda katikati, ukasimama. Nikangojea. Umesimama! Nikazunguka na gari mpaka Katanika na kurudi, hakuna moshi. Nililia kidogo, ndiyo. Papa Grégoire akaangalia pembeni.

Nimenunulia Hidaya kitenge, cha rangi ya majani, anaipenda. Nguo tatu ndogo za Ramla. Sijui ukubwa wake. Nikamuonyesha muuzaji kwa mikono: hivi. Akaniuliza, mutoto ana kilo ngapi? Nikasema nitakujibu nikirudi.

Jumapili, 12/7. Nyunzu

Nimetoka kabla ya jua. Njia mbaya, mashimo, muchanga. Nilipofika Niemba nikakaza tena kichwa cha motere, motere ingali na moto, vile Papa Grégoire aliniagiza. Inakunywa maji kidogo tu. Magaribi niko Nyunzu.

Nimekula samaki mukavu peke yangu. Hidaya anatoa miiba mbele ya kunipa sahani. Kila mara nilimuambia mimi haiko mutoto. Nilikuwa mujinga.

Jumatatu, 13/7

Lita mbili kila kilometa makumi tatu. Kisha lita tatu. Vijito vyote vimekauka, nangojea motere ipoe, naenda kuomba maji kwa vijiji, narudi. Leo nimetembea na bidon ya maji kuliko na gari.

Shaba imeanza kuachia upande wa buji ya tatu. Nasikia pumzi yake. Kesho asubuhi nitafika. Lazima.

Jumanne, 14/7

Hapana.

Saa ine asubuhi imezimika kwenye mulima. Si kuchemuka tena — imepiga kelele moja, maji yote yakatoka kwa bomba la moshi. Kongolo iko mbele, kilometa makumi tatu na tano.

Naandika chini ya kivuli cha gari. Hapa kuna nyumba ine. Mama Hortense, mwenye nyumba ya karibu, ameniletea maji ya kunywa. Anasema gari nyingine haijapita tangu wiki ya jana.

Nilifungua kapo, kifuniko cha motere. Nikachukua klé. Nikaanza kufungua kichwa, mukono peke yake unafanya, naweza kuchoma shaba tena hapa hapa, makala iko, kazi ya masaa tatu, masaa ine, ikiwezekana jioni... Nilikuwa nimetoa buloni tatu wakati Mwamba alifika.

Mwamba anapeleka mawese Kongolo na baiskeli. Akaniuliza habari, nikamueleza yote: arobaini, mukwe, mutoto. Akaangalia jua. Akaangalia motere. "Papa, nikiacha bidon zangu kwa mama huyu, naweza kukubeba. Lakini tutoke sasa hivi. Na chuma hiki hatuwezi kukipandisha."

Muntu ambaye hanijui anaacha mawese yake.

Nikamwambia, nipe dakika. Mama Hortense akacheka, akasema dakika ya nini, baba? Hapa njiani gari iliyoachwa haikai na magurudumu siku mbili, najua, na yeye anajua. Nimemupa ufunguo. Anasema atajaribu kuangalia.

Nina oili mpaka kwenye viwiko. Ndugu zake Hidaya wataniona nikishuka nyuma ya baiskeli ya mawese. Waone.

Kitenge nimekifunga tumboni, nguo za mutoto ndani ya shati. Mwamba anaita. Baiskeli haina breki, anasema, nishike nguvu. Klé ingali juu ya motere, kapo wazi. Sirudi kuifunga.