Jina Chini ya Rezini

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Mji umefunga, mimi nimefungua. Hakuna aliyekuja ila Godwin wa bodaboda, na bampa ya Probox iliyopasuka — si yake, ya mjomba wake, na mjomba hajui. Nimeipiga faiba. Harufu ya hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, imenikaa kooni mpaka sasa. Mgongo nao! Miaka hamsini na mbili yote imehamia kiunoni.

Bampa ndizo zinazonilisha. Mbao za kupanda mawimbi zinanichosha tu. Tisa ziko ukutani, mbili zilishakufa. Zilipovuka mpaka wa Sirari kutoka Kenya miaka mitano iliyopita, afisa mmoja aliniuliza meza zote hizi za kupigia pasi ni za nini. Nikamwambia unalala juu yake, wimbi likija unasimama. Akaita wenzake waje kusikia. Tarime hakuna ziwa, mama! Najua. Nimezaliwa hapa. Mpaka leo mtaani wananiita Mokami wa Milango, eti mbao zangu ni milango.

Godwin kauliza kama Jumapili tunaenda ziwani. Nikamwambia aulize upepo, asiniulize mimi.

Jumatano, 9 Julai

Shemeji Mwikwabe kaja. Kakataa kiti. Akikataa kiti ujue ana neno.

Neno lenyewe nalijua tangu tulipomzika mume wangu Heche. Nyumba ya mdogo wake haina mtoto. Kiwanja ni cha ukoo. Basi nioe msichana, azae kwa jina la Heche, nyumba isimame. Nisipotaka, kiwanja kirudi kwa ndugu, na duka liking'oka shauri yangu. Ng'ombe wa mahari watatoa wao. Mwanaume wa kuzaa naye watamchagua wao. Mimi nibaki na kazi moja, kutaja msichana.

Nyumba ntobu, ndivyo Wakurya tunavyoiita. Siidharau. Bibi mzaa mama alioa hivyo, wanawake wawili, na boma lake mpaka leo limejaa watoto. Lakini wale wake za bibi hakuna aliyewauliza kitu. Mmoja namkumbuka. Alikuwa akikoka moto huku machozi yanamtoka, na sisi watoto tukadhani ni moshi.

Nimemwambia shemeji nitafikiri. Akasema fikiri haraka, wazee wanakaa Jumapili, hapahapa uani kwako. Karibuni, nikasema. Ningesema nini?

Jumapili, 13 Julai

Saa mbili asubuhi Nashoni kapiga simu kutoka Shirati. Upepo unakuja. Anakaanga samaki pale ufukweni na hajawahi kutudanganya kuhusu upepo. Mengine yote anadanganya.

Nikampa shemeji funguo. Kikao cha wazee mwanamke hakai, nami kukaa jikoni nikisikiliza wanavyonigawa sitaki. Tukajaa kwenye Noah watu sita, mimi na vijana ninaowafundisha, mbao nne juu ya keria. Njiani watu wanatupungia kama tuna harusi.

Maji ya ziwa hayabebi kama ya chumvi. Mawimbi mafupi, ya hasira, hayakupi hata nafasi ya kupumua. Na kwanza Nashoni apande jiwe, aangalie mamba. Mimi magoti yamekataa tangu mwaka juzi, nakaa mchangani nakaripia. Piga mkono! Inuka! Usiangalie miguu!

Agustina kasimama leo. Kutoka nje kabisa mpaka mchangani, bila kuanguka. Mwaka mzima anameza maji, leo kasimama. Anafanya kazi ya fotokopi pale stendi, kwao ni Kisaka, ana miaka ishirini na tatu na mdomo hana. Wengine wakapiga vigelegele, yeye akabaki amesimama kwenye maji ya magotini. Kaja kuniambia, "Mama, nilikuwa naona mbali." Basi. Nimemwelewa kabisa, na nimemwonea wivu.

Tumerudi saa kumi na mbili. Uani harufu ya nyama. Wazee walichinja mbuzi, wakakosa meza. Wakafungua duka, wakauangusha ule ubao mrefu, wakauweka juu ya matofali na kukatia nyama. Kwa panga! Na mifupa!

Siwezi kuandika.

Jumatatu, 14 Julai

Ubao wa Heche. Ni lazima niandike, la sivyo nitamtukana mtu.

Kule Watamu, pwani ya Kenya, Heche alikuwa askari wa hoteli. Mkurya na rungu lake. Miaka kumi na minne pwani hakuingiza baharini hata kidole cha mguu. Mimi nilianza kwa kufagia duka la mbao jirani na hoteli, nikaishia kuziponya, na jioni mwenye duka akinifundisha kupanda mawimbi, Heche akitoka lindo alikuja kukaa mchangani kulinda ndala zangu. Nani ataiba ndala? Akasema wezi hawachagui, na kazi ni kazi.

Pale dukani kulikuwa na desturi. Ubao hautoki mlangoni kabla jina la mwenyewe halijaandikwa kwa penseli, halafu juu yake unamwaga rezini ya mwisho, ile gundi angavu kama kioo. Ikikauka, jina linaonekana na halifutiki tena. Mwenye duka akachukua ubao mrefu kuliko zote akaandika HECHE. Zawadi ya kulinda ndala. Heche alicheka siku nzima. Alikuwa anaupapasa kama ndama. Alikufa Machi ya 2020, duka likafungwa Juni, nami nikapewa mbao nirudi nazo nyumbani.

Panga limepita kwenye jina. Imebaki HE. Herufi nyingine wazee wamezila na supu.

Shemeji hakuwa na ubaya, hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kumbe kile kitu kilikuwa na kazi, shemeji? akaniuliza. Sisi tuliona mlango wa zamani. Halafu kanitunzia mguu wa mbuzi kwenye hotpoti. Nimelia, halafu nikaula.

Jibu wanalitaka Jumapili ya tarehe 27.

Alhamisi, 17 Julai

Mafuta ya mbuzi yameingia ndani ya ubao, mpaka kwenye lile povu gumu jeupe la katikati. Rezini haishiki penye mafuta. Inabidi nichimbe, nifute na thina, nikaushe kivulini, nichimbe tena. Kila siku nasema leo ndiyo mwisho.

Agustina anapitia hapa akitoka kazini. Sikumwita. Anachukua msasa na kuanza. Godwin akishika msasa utadhani anakoboa mahindi, huyu mkono wake mwepesi, anasikiliza ubao. Tunapiga msasa saa nzima, yeye upande wake, mimi wangu. Nimechoka na watu wote wa mji huu ila yeye.

Jumamosi, 19 Julai

Ngoja niandike vilevile ilivyokuwa.

Tulikuwa tunakata kitambaa cha faiba. Akasema, bila kuniangalia, baba yake kapokea wageni wa posa. Mzee wa Machochwe, wake wawili anao, ng'ombe wengi. Wakishavuna, yeye anaondoka Tarime kwenda kuolewa.

Nikauliza, "Na wewe unasemaje?"

"Nimesema hapana. Baba anasema hapana ni ya mtu ambaye ana pengine pa kwenda."

Mkasi ukanigandia mkononi. Nikajua anakokwenda kabla hajafika.

"Mama, unioe mimi."

Mji mzima unajua kumbe! Kasikia stendi kwamba ukoo wa Heche unatafuta msichana na ng'ombe wapo. Kaona shida yake na yangu zinakaa nyumba moja. Nikamwambia acha utoto, mimi sinunui mtu ili niokoe duka. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Akakunja kitambaa vizuri, akakiweka rafuni.

"Yule wa Machochwe ndiye ananinunua. Wewe, ni mimi niliyekuomba."

Akaaga. Shikamoo ya kuondoka, kama mtoto wa shule. Sikuitikia.

Jumatatu, 21 Julai

Hakuja. Bampa mbili na ndoo ya mashua. Mvua kidogo.

Jumanne, 22 Julai

Hakuja. Nimemkaripia Godwin bila sababu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi naziba nyufa za watu kutwa nzima na ukuta unanijengea.

Nimekaa nikapiga hesabu za uongo. Nikikataa, kiwanja kinaondoka, mbao zinaondoka, vijana watarudi kukaa stendi kutazama mabasi ya Mwanza. Nikikubali msichana nisiyemjua, nitakuwa bibi yangu, nami nitakuwa na mtu jikoni anayelia nikisema ni moshi. Nikikubali Agustina — hapo kalamu inakwama. Kwa sababu namtaka abaki. Hilo ndilo linaloniogopesha. Mtu akitaka kitu sana, atasema kwamba hata kile kitu kinamtaka.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemfuata mwenyewe stendi. Nikasimama kwenye foleni na wenye vyeti vya kuzaliwa mpaka zamu yangu ikafika. Nikamuuliza pale pale, mashine inanguruma: na mwanaume je? Unajua watamchagua wao. Watakuletea mtu mlangoni na mimi niseme karibu.

Kazima mashine. Alikuwa ameshafikiri, huyu mtoto! Mwanaume atamchagua yeye, siku atakayotaka yeye, au asiwepo kabisa. Hilo tu. Mengine yote atafuata, kuni atachanja, wazee atawapikia.

Nikamwambia wazee hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Ng'ombe watoe wao halafu wasubiri?

"Si wewe ndiye utakuwa mume?" akasema. "Mume anasema."

Nyuma yangu mzee mmoja mwenye fomu akakohoa. Nikalipia fotokopi ambayo sikutoa, nikarudi nyumbani. Njia nzima nacheka peke yangu. Halafu karibu na soko nikaacha kucheka, maana kaniambia kweli. Kwa desturi hiyo hiyo wanayonibana nayo, mume ni mimi. Bibi alikuwa na neno lile miaka yote na hakulitumia.

Jumamosi, 26 Julai

Agustina amerudi jana na leo. Kitambaa kimeshika, hakuna mafuta tena. Imebaki rezini ya mwisho.

Nimemuuliza mara ya tatu kama ana hakika. Mara ya tatu kaudhika. Mama, unataka niseme kwa Kiingereza?

Naogopa. Nimwandike nani? HECHE nilitaka kulirudisha, nimeshika penseli mara mbili. Lakini yeye alikuwa mlinzi. Mlinzi hupokelewa lindo, halali hapo milele. Nimesema hivyo kwa sauti, dukani, mbele ya mbao zote.

Jumapili, 27 Julai

Nashoni kapiga simu asubuhi, upepo mzuri. Nimemwambia tusubiri. Noah iko barabarani, Godwin amekaa juu ya keria anafunga kamba ambazo ameshazifunga.

Wazee watatu na shemeji wamekuja saa nne. Leo Mwikwabe kakubali kiti. Agustina kawapa chai, kawasalimia mmoja mmoja, akarudi kusimama mlangoni mwa duka. Nikawaambia wanisamehe, nina kazi isiyosubiri, jibu nitalitoa hapa hapa kazini. Wakatazamana. Nikamimina hadina kwenye rezini nikakoroga. Ukishakoroga una dakika kama kumi na tano, baada ya hapo inaganda koponi na hakuna wa kumlaumu. Ndivyo nilivyotaka. Mikono yangu naijua, ikipewa siku itachukua mwezi.

Nikachukua penseli. Ile HE nimeiacha ilipo. Pembeni yake, palipokuwa na panga, nikaandika jina kwa herufi kubwa, polepole. Agustina aliona kuanzia herufi ya kwanza. Akashika upande wa pili wa ubao usitikisike, nami nikamwaga.

Sasa inakauka. Huwezi kugusa. Nimekaa juu ya ndoo na daftari gotini, mradi mikono iwe na kazi. Shemeji kauliza, shemeji, msichana ni nani basi? Nikamwonyesha kwa kidevu. Soma.

Jina nimelitoa. Lile neno la mwanaume, kwamba Agustina atamchagua mwenyewe, bado. Hilo nitalisema mimi mwenyewe, kama mume, shemeji akimaliza kusoma, na sijui wataondoka na ng'ombe wao au watakaa.

Kaweka kikombe chini. Katoa miwani mfuko wa koti, anaifuta na shati. Kainama juu ya ubao, karibu mno, nimemwambia asiguse. Anasoma kwa kidole hewani, herufi moja moja, na wale wazee wengine wamesimama nyuma yake wanaitikia kila herufi.

Amefika kwenye S.