Uzi ku Kidole cha Sita

Mujukulu wangu Furaha,

Apa Lubumbashi tuko bazima, baba yako amerudi kazini, lakini miye sipate usingizi. Unaniuliza kama mama mukwe wako afunge uzi ku kidole cha sita cha mutoto wako, kianguke chenyewe. Cha kwangu, mama yangu alikifunga vile vile, na mapendo yote. Kilianguka, lakini kulibakia kinundu. Mpaka leo nikisonga bukari, ule ugali wetu, kinaniuma. Mama alikuwa anakipapasa, anatazama pembeni. Ye hakukuwa na munganga wa kupasua. Weye uko naye pale hopitali ya kwenu.

Simu yako haiingie, njo maana natuma barua na shofere wa lori ya kuja kwenu Kasumbalesa. Furaha, kama kidole kimefungwa tayari, weka barua chini, kamata makasi, ukate ule uzi.

Kambo wako