Pahali pa Mukwe Wangu pa Kulia

Jumatatu, 1 mwezi wa tisa
Maharagwe yaliiva mapema. Sombe, majani ya muhogo, ikaisha kabla ya saa saba. Watu wa biro, ofisi hii ninapouzia chakula, wanakula wamesimama juani, jasho linadondoka ndani ya muchuzi. Wananiumiza roho. Leo shefu wao amesema atawajengea payoti, paa la nyasi na pa kukaa. Kuichora amepewa Mwajuma, mujukuu wangu anayesomea ujenzi. Nilimubusu mpaka akakimbia.

Jumatano, 3
Mwajuma ameleta karatasi. Payoti ya muviringo, benchi moja kuzunguka, mimi na vyungu vyangu katikati. Kila mutu ananiona. Nimependa. Nimependa sana.

Alhamisi, 4
Wamepigilia vijiti chini, kuonyesha benchi itapita wapi. Watu wakajaribu kukaa, wakacheka. Mumoja wa biro hakukaa: Ramazani, baba yake Mwajuma. Alichukua sahani, akaenda nyuma ya ukuta, juani, kama kila siku.
Njo hapo nikashtuka. Ni mume wa binti yangu. Kwetu mukwe hali chakula mbele ya mama-mukwe. Miaka saba nauza hapa, miaka saba ananipa heshima hiyo, shingo yake imeungua. Wenzake tumewachorea kivuli, yeye tumemufukuza. Nimeona haya. Mwajuma amelia.

Ijumaa, 5
Shefu amekataa kubadilisha. Eti mafundi wanaanza kesho. Eti Ramazani atazoea.
Nimeng'oa vijiti vyote, nikavikalia.
"Papa Shefu, wewe unaweza kutafuna chakula mama-mukwe wako akikutazama?"
 Anaye, kule Moba. Akajikuna kichwa, akasema haya, mufanye upesi.
Shule sikukanyaga, herufi nilifundishwa na binti yangu ukubwani. Lakini najua mutu anavyokaa akila. Nimechora kwa makaa sakafuni: mimi nje, paa lirefushwe linifunike, ukuta wa matete kati yetu, tundu la kupitisha sahani. Mwajuma akapima, akasogeza mulango. Akasema, Bibi, hautakuwa katikati tena. Nikamwambia nyamaza, pima.

Jumatatu, 15
Payoti imekwisha. Inanuka nyasi. Watu siwaoni, naona mikono tu kwenye tundu.
Leo mukono wenye pete ya ndoa aliyovishwa na binti yangu ulirudisha sahani tupu. Haukuondoka. Ukangoja.
Miaka yote hajawahi kuomba nyongeza.
Nikajaza.