Mume Wangu Alificha Magendo Kwenye Sanduku la Mama

Mpendwa Bi Kanze,

Pokea salamu zangu. Kwa miaka mingi nimesoma shida za watu kwenye ukurasa wako nikitikisa kichwa, nikijiuliza hawa wenzetu huwa wanaishi vipi, na sasa zamu imenifikia mimi, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi ijayo kwa sababu baada ya siku hiyo sijui kama msaada utakuwa na maana tena.

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa kisiwani Mombasa, nina miaka thelathini na tisa na watoto wawili, mume wangu Bonface ni wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Mamangu anaitwa Rosebella, ana miaka sitini na tisa, alikuja Mombasa kutoka Vihiga akiwa msichana, akauza na kukagua tikiti za treni mpaka akastaafu, na tangu baba afariki anaishi peke yake Bondeni. Ni mzee wa kanisa. Nakueleza haya ili umjue ni mtu wa namna gani, maana huyu ndiye aliyemteremsha ndugu yake wa tumbo moja kwenye behewa, mbele ya abiria wote, kwa sababu hakuwa na tikiti.

Mwezi wa pili mume wangu alikuja nyumbani akasema tunakwenda safari ya meli ya watalii, wiki mbili, Zanzibar, Shelisheli, Morisi kisha turudi Mombasa, na mama mkwe tunakwenda naye. Bi Kanze, nililia kwa furaha. Niliwaambia walimu wenzangu wote kwamba mume kama wangu haonekani, anamkumbuka mama mkwe kwenye starehe, na yeye mwenyewe akamnunulia mama sanduku jipya la magurudumu la rangi ya zambarau, akamzungusha nalo sebuleni kumfundisha kulivuta, na mama anacheka mpaka anafuta machozi. Melini mama alikuwa kama mtu mwingine, Jumapili aliimba na wafanyakazi Wafilipino waliokuwa na ibada yao kwenye chumba cha chakula, hajui lugha yao nao hawajui yake, lakini wimbo waliujua wote.

Jioni ya mwisho tulitangaziwa kwamba masanduku makubwa yafungwe na kuachwa nje ya vyumba, yatashushwa na wafanyakazi na kila mtu atalikuta lake chini gatini, na Bonface akasema sisi tupumzike, yeye atafunga yote. Nikamshukuru kwa hilo pia.

Asubuhi meli ilifunga gatini saa moja. Tulikuwa tumepewa vibandiko vya rangi, abiria wanashuka kwa rangi, sisi tulikuwa kijani na kijani iliitwa mwisho kabisa, saa nne, wakati watu zaidi ya elfu wameshatangulia mbele yetu na foleni imejikunja mara tano chini ya paa la mabati, hakuna kiti, hakuna upepo, wazee wa Kizungu wanajipepea kwa pasipoti, watoto wanalia, na kila sanduku lazima lifike kwenye meza ya forodha. Magoti ya mama yana maradhi. Akasimama nusu saa, akashindwa, akakalia sanduku lake, na kila foleni ikisogea hatua mbili anainuka, analivuta, analikalia tena.

Kulikuwa na laini nyingine fupi ya watu wenye mkoba wa mkononi tu. Mume wangu hakuwa na sanduku, nguo zake alikuwa amezigawa kwenye sanduku langu na la mama. Akasema, "Mama Jeremy, mimi napita huku, nikalisogeze gari karibu, mama asije akatembea sana." Nikaona ni jambo la busara. Akapita kwa dakika kumi akatokomea.

Tulifika mezani saa saba na nusu. Nilikuwa na njaa, kichwa kinanigonga, nimeshagombana na mwanamke mmoja aliyetaka kupenya mbele yetu, na simu ya Bonface inaita haishikwi. Afisa aliyekuwa pale, kwenye kibati chake cha jina imeandikwa Gunga, alimwamkia mama vizuri sana. "Shikamoo mama. Hili sanduku ni lako?" Mama akasema, "Marahaba mwanangu, ni langu." "Umelifunga mwenyewe?" Mama akarudia tu, "Ni langu." Akalifungua, akatoa kanga, akatoa shuka, akapapasa kitambaa cha ndani, akafungua zipu ambayo mimi sikujua kama ipo, akatoa soksi za kiume zimejazwa. Ndani yake saa za mkononi. Zilikuwa thelathini na mbili, za dhahabu na za fedha, kila moja imefungwa kwa karatasi laini.

Bi Kanze, hapa ndipo ninapoona aibu. Kabla mtu yeyote hajasema neno, mimi, mtoto wake, nilipiga kelele: "Mama! Uzee huu ndio unaanza magendo? Umetutia aibu gani hii!" Foleni nzima iligeuka. Nyuma yetu alikuwepo Ketty, abiria mwenzetu ambaye tunaimba naye kwaya. Mama alinitazama mimi, akazitazama zile soksi, na naapa niliona usoni mwake pale pale alipozitambua, maana yeye ndiye aliyezifua Shelisheli na kuzianika bafuni. Alijua ni za nani. Kisha akamgeukia afisa akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya tikiti, "Ni zangu. Nilizinunua mimi."

Walimpeleka chumba cha pembeni. Afisa Gunga alimletea kiti na maji, hakumvunjia heshima hata kidogo, lakini kazi yake aliifanya, saa zikachukuliwa, maelezo yakaandikwa, mama akatia sahihi kwa ule mwandiko wake mzuri, akapewa barua afike ofisini Alhamisi ijayo kujibu. Tulitoka saa kumi. Bonface alikuwa ndani ya gari, kiyoyozi kinafanya kazi, ameegemeza kiti.

Nilimuuliza, "Zile saa ni za nani?"

Akasema, "Usipige kelele. Wazee huwa hawafunguliwi masanduku. Kila siku niko pale, naona. Leo tu ndiyo wameamua."

Nikasema, "Kwa hiyo ndiyo sababu ulimchukua mamangu safari?"

Akawasha redio. Na mama amekaa kiti cha nyuma anasikia kila kitu.

Usiku sikulala, asubuhi nikaenda Bondeni kumwambia mama nitakwenda kusema ukweli. Akanishika mkono akaniambia, "Ukifanya hivyo usije tena hapa. Mumeo akinyang'anywa leseni, Jeremy na dadake watasomaje? Mimi nimeishi bila mwanamume ndani ya nyumba, najua ilivyo. Sina kazi ya kupoteza. Wacha iwe yangu." Tangu siku hiyo hatoki. Ketty hakukawia kueleza kanisani, na Jumapili mama hakuenda, mara ya kwanza tangu msiba wa baba. Jirani yake Bi Yumna amenipigia simu akiuliza, "Rosebella ana nini? Nimempelekea mkate wa mofa na supu, amepokea dirishani."

Kilichonifanya nikuandikie kilitokea juzi. Nilimkuta Bonface kwa mama. Amepitia Marikiti akamletea kikapu cha mapapai na mananasi, na mezani ameweka karatasi aliyoichapisha mwenyewe, maelezo ya mama ya kwenda kutoa Alhamisi, na anamfundisha jibu kwa jibu. "Wakikuuliza ulinunua wapi, unasema nini, mama?" Na mama anajibu kama mtoto wa katekisimu. Niliitwaa karatasi ile nikatoka nayo. Nyumbani akaniambia, "Mbona unanuna? Mama mwenyewe amekubali. Wewe ndiwe unayetaka kuvunja nyumba."

Nimechoka, Bi Kanze. Nikisema, mume anaharibikiwa na mama ananikataa. Nikinyamaza, mamangu anaandikwa mtu wa magendo akiwa na miaka sitini na tisa. Nikimtazama mume wangu akila natamani kuichukua sahani. Nifanye nini?

Mama Jeremy, Mombasa.

*

Mama Jeremy,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nilisimama kuzunguka chumba. Hasira zako zina haki na mimi sitakwambia uzimeze. Hata hivyo, leo tuna kazi, na siku ni chache.

Kwanza, acha kujiuliza kama mumeo aliteleza. Sanduku lenye zipu ya siri alilinunua kabla hamjapanda meli. Nguo zake alizigawa ili apite laini fupi. Simu hakuishika. Aliwaza kila kitu, na katika yote aliyoyawaza, magoti ya mama yako hayakuwemo. Alimpeleka starehe kama mtu anavyobeba mfuko. Na bado ana uso wa kumpelekea mapapai! Huyo asikwambie wewe ndiwe unayevunja nyumba.

Pili, mama yako. Nampenda mama huyu bila kumjua, na nitamgombeza. Bi Rosebella, kama binti yako anakusomea haya: ulichofanya mezani ulikifanya kwa mapenzi, nakiri, lakini hukumlinda mjukuu yeyote. Umemfundisha mkweo kwamba kuna mtu wa kubebeshwa. Safari ijayo atatafuta sanduku la nani? La Jeremy? Wewe uliyemteremsha ndugu yako kwenye treni unajua vizuri kuliko mimi kwamba asiye na tikiti hushuka mwenyewe.

Sasa keti, Mama Jeremy, kwa sababu na wewe nina lako. Barua yako ni ndefu. Umenieleza foleni, joto, njaa, vibandiko na leseni ya mumeo. Umenieleza ulivyompigia mama yako kelele mbele ya umati. Nimetafuta mahali uliposema ulimwomba radhi, sikupaona. Ulikwenda Bondeni kumwambia utasema ukweli, yaani ulikwenda na vita yako na Bonface. Huyu mama amejifungia ndani na wewe unadhani ni kwa sababu ya forodha. Dada, watu wa forodha walimpa kiti. Aliyemwita mtu wa magendo kwa sauti ya kusikika foleni nzima ni mtoto aliyemzaa, aliyemjua miaka thelathini na tisa na hakumwamini dakika moja.

Haya, sikiliza la kufanya. Karatasi uliyoichukua usiichane wala usimrudishie, ifungie mahali. Mama asitie sahihi kitu kingine chochote na asiende ofisini peke yake. Kesho tafuta wakili. Kama huna uwezo, uliza kanisani, uliza mahakamani, wapo wanaosaidia bila malipo, na umweleze yote kama ulivyonieleza mimi, pamoja na kwamba mama alisema yasiyo kweli. Yeye ndiye atakayejua namna ya kuyarekebisha maelezo yale kwa usalama, si mimi na wala si wewe kwa kukimbilia Kilindini na hasira zako.

Mumeo mpe mpaka Jumanne jioni. Mwambie mara moja, bila kelele, watoto wasiwepo: aende mwenyewe na wakili wake akaseme zile saa ni zake. Akienda, huenda akabaki na kitu, hata kama si leseni. Asipokwenda, Alhamisi wewe na mama mtaingia na wakili na karatasi ile mezani. Usimbembeleze, usimtishe, na akikuuliza watoto watakula nini, mwambie wewe pia una mshahara. Kama utaendelea kuishi naye hilo tutaliongea siku nyingine, ukiwa umelala usingizi wa kutosha. Mwanamke asiamue ndoa akiwa hajalala wiki nzima.

Ketty usimnong'oneze. Habari ilitangazwa hadharani, basi irekebishwe hadharani. Simama kanisani Jumapili, wakati wa matangazo, useme kwamba saa hazikuwa za mama yako na kwamba wewe ulimsingizia. Si lazima umtaje mwenye saa, watu wa Mombasa si wajinga.

Lakini yote hayo ni ya kesho. Leo, ukimaliza kusoma hapa, nenda Bondeni. Usibebe chochote. Akikufungulia, keti chini karibu na miguu yake na umwambie, "Mama, nilikukosea, nisamehe." Usimtaje Bonface. Usitaje joto, wala foleni, wala njaa. Usiongeze "lakini". Ukishasema hivyo nyamaza, umwache yeye aseme, hata kama atakaa kimya mpaka adhana ya magharibi.

Bi Kanze